Usiniambie "Toa Yote, Weka Mpya"

Kuna sentensi moja nimechoka kuisikia: "Hii mitambo imezeeka, toa yote weka mpya." Ukiisikia kutoka kwa fundi wa mtandao, shika mfuko wako kwanza. Mara nyingi maana yake ni kwamba jamaa ameona vitu viwili haviongei, hajui ataviunganisha vipi, na sasa anataka wewe ulipie kutojua kwake.

Najua nitakosana na wasee kadhaa. Sawa tu. Wengine tulikaa nao darasa moja, tukakopeshana noti na chapati. Lakini hii tabia inakula pesa ya wazazi huko kwetu Ndithini na sitanyamaza ati kwa sababu mtu ni beshte.

Kwa wale hamjui, Ndithini ni wadi iko Masinga, kaunti ya Machakos. Masinga ile ya bwawa. Ndio, bwawa kubwa hilo linagusa eneobunge letu na bado kuna watu wanafuata maji na punda, lakini hiyo ni posti ya siku ingine. Leo tunaongea ruta.

Kuna shule ya msingi huko, sitaitaja jina. Hiyo shule moja ina mitandao mitatu, na hakuna hata mmoja unaojua kwamba mwingine upo.

Wa kwanza ni wa maabara. Kompyuta kumi na moja za mezani, zilikuja kama msaada miaka mingi iliyopita, zote Windows XP, zimeungwa kwa kebo kwenye swichi ya kitambo yenye vumbi la karne. Moja kati ya hizo ndiyo wanaiita "seva". Iko na folda ambayo zingine zote zinafungua, na ndani ya hiyo folda kuna mitihani ya nyuma, orodha za wanafunzi na alama za miaka na miaka. Anwani za hizo mashine ziliandikwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, na mwalimu ambaye alishahamishwa zamani.

Wa pili ulikuja na tableti za serikali. Mnakumbuka ile ahadi ya 2013, kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza? Kufika 2016 ilikuwa imebadilika kuwa tableti, projekta, na kaboksi kamoja ambako ni seva na ruta ya waifai kwa pamoja, kamepakiwa masomo. Hako kaboksi hakahitaji intaneti. Kanarusha waifai yake, tableti zinaingia, mtoto anasoma. Kwa mahali kama kwetu hilo ni wazo zuri sana, na nasema hivyo bila kejeli.

Wa tatu ni wa ofisi. Ruta ya 4G yenye laini ya simu, ambayo mwalimu mkuu anatumia kuingiza majina ya watoto kwenye mifumo ya wizara, na walimu wengine wanatumia kwa mambo yao ambayo sitayataja hapa.

Walimu walitaka kitu rahisi. Mtu akiwa na laptopu yake kwenye chumba cha walimu, afungue mitihani ya maabara. Na zile kompyuta kumi na moja zifungue masomo ya kaboksi, juu tableti nyingi zilishakufa betri na zilizobaki zimefungiwa kabatini. Basi. Hakuna mtu aliomba roketi.

Wakaita fundi. Akakuja na begi zuri na tisheti ya kampuni. Akachukua kebo, akachomeka upande mmoja kwenye swichi ya maabara, upande wa pili kwenye ruta ya ofisi. Akachukua ingine, akaunga na kaboksi. Dakika kumi hivi kila kitu kikaanza kuumwa. Intaneti ya ofisi inakuja inapotea. Tableti zinaingia kwa waifai lakini masomo hayafunguki. Kompyuta za maabara zinaandika kwamba kuna mwingine anatumia anwani yao. Fundi akatingisha kichwa, akasema ile sentensi, na wiki iliyofuata akaleta kwotesheni. Laki nne na kitu. Kompyuta mpya, swichi mpya, ruta mpya na "seva ya kisasa". Masomo ya kaboksi hayakutajwa popote kwenye hiyo karatasi.

Laki nne, Ndithini, mwaka ambao mahindi yameungua shambani. Bodi ikaanza kupiga hesabu ya kila mzazi atoe ngapi.

Sasa hebu tuangalie pole pole ni nini kiliumwa, juu hapo ndipo utapeli uko. Ama ujinga, chagua mwenyewe.

Kaboksi kanagawa anwani kwa kila kinachoingia kwenye waifai yake. Ruta ya ofisi nayo inagawa anwani. Kila moja ikiwa kwake hakuna shida. Ukiziunga kwa kebo namna ile, umezifanya mtandao mmoja, na sasa kifaa kikisema "naomba anwani" kinajibiwa na yule aliyesikia wa kwanza. Ni kama steji moja iwe na makanga wawili wa sacco tofauti, kila mmoja anakata tikiti za viti vya gari lake, halafu abiria wote wanapakiwa popote. Mwingine ana tikiti halali kabisa lakini gari alilomo halimtambui. Juu ya hiyo, maabara na ofisi zote zilikuwa zinatumia namba za 192.168.1, na kwa bahati mbaya ile "seva" na ruta ya ofisi zote zilikuwa zinajiita 192.168.1.1. Watu wawili, jina moja, namba ya nyumba moja. Posta apeleke wapi?

Umeona mahali nimetaja uzee? Hakuna. Ungenunua kompyuta za milioni, uzichomeke vile vile, zingeumwa vile vile. Tofauti ni kwamba zingeumwa zikiwa bado na plastiki.

Yule jamaa alijenga daraja mahali ambapo palihitaji ruta. Daraja linachukua mitandao miwili na kuifanya mmoja: kelele ya huku inasikika kule, anayegawa anwani huku anagawa mpaka kule. Ruta inaacha kila mtandao na mambo yake. Inasimama katikati, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule, na inavusha tu kile ambacho kimeandikiwa upande wa pili. Kuna siku unahitaji daraja. Kuna siku daraja ni balaa. Kujua tofauti ndiyo kazi yenyewe, mengine ni kubeba maboksi.

Na hii si elimu ya juzi. Ruta ilizaliwa kwa ajili ya shida hii hii.

Rudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1973, pale Xerox, Bob Metcalfe na wenzake walianza ule mtandao tunaouita Ithaneti, ambao ukoo wake ndio uko kwenye kila kebo ya ofisi leo. Mwaka wa 1985 IBM ikaleta wake, Tokeni Ringi. Hawa wawili walikuwa na tabia tofauti kabisa. Kwenye Ithaneti ya zamani kila mashine inasikiliza, ikiona kimya inaongea; zikigongana, zote zinanyamaza, zinangoja kidogo, zinajaribu tena. Kama darasa bila mwalimu. Kwenye Tokeni Ringi kuna kibali kinazungushwa, na asiyekishika haongei. Kama kikao cha wazee ambapo lazima ushike kifimbo.

Ikawa ofisi moja ina Ithaneti ghorofa ya chini na Tokeni Ringi ghorofa ya juu. Wakubwa wakasema unganisha. Mafundi wa wakati ule wakajaribu daraja, na hapo ndipo vituko vilianza. Fremu ya Ithaneti inabeba baiti 1,500 za mzigo, ya Tokeni Ringi inaweza kupita 4,000. Gunia kubwa, mlango mdogo, na daraja halina ruhusa ya kufungua gunia na kuligawanya. Kwa hivyo ujumbe mfupi unapita, unashangilia, halafu faili kubwa linakwama na hujui kwa nini. Kituko cha pili: Ithaneti inatuma kila baiti ikianzia biti ya mwisho, Tokeni Ringi inaanzia ya kwanza. Anwani ya mashine ikivuka ikiwa ndani ya ujumbe, upande wa pili inasomwa kama iko kwenye kioo. Unamtafuta mtu ambaye hayupo. Na kama hiyo haitoshi, kwenye Tokeni Ringi ya IBM mtumaji ndiye anaandika njia nzima ya kupita kabla hajatuma, wakati kwenye Ithaneti madaraja yanajifunza njia yenyewe na mtumaji hana habari.

Walitengeneza madaraja ya kutafsiri hayo yote. Yalifanya kazi, kwa jasho. Lakini mahali ambapo pande zote mbili zinaongea IP, jibu safi lilikuwa ruta. Ruta haivushi bahasha. Inafungua bahasha, inatoa barua, inaiweka kwenye bahasha ya upande wa pili na anwani ya upande wa pili. Barua ikiwa ndefu, inaigawanya mara mbili. Kwa hivyo haijali kama huku kuna pete na kule kuna kebo nene kama ya eria ya TV.

Cisco, hiyo Cisco mnaweka kwenye CV zenu, ilianzia hapo. Leonard Bosack na Sandy Lerner walikuwa Chuo Kikuu cha Stanford, mahali pamejaa mitandao isiyosikizana, na programu ya lile boksi la kwanza ilitokana na kazi ya William Yeager wa hapo hapo. Kampuni ikaanzishwa 1984. Utajiri wote ule ulianza kwa kuunganisha vitu ambavyo tayari vipo. Hakuna mtu alimwambia Stanford "toa yote".

Sasa hapa ndipo naanza kukasirika vizuri.

Sisi tuliosoma ICT ya diploma hapa Kenya, Tokeni Ringi tunaijua. Tuliandika noti. Nyota, basi, pete. "Taja faida tatu za topolojia ya pete." Tukataja, tukapita. Nilikuwa na mwanafunzi mwenzangu aliyeweza kukutajia kasi ya Tokeni Ringi akiwa usingizini, megabiti 4 halafu 16, na hajawahi kufungua ukurasa wa kuseti ruta hata ya nyumbani kwao. Chuo kilikuwa na ruta mbili kwenye kabati la kioo, zimefungwa, tunaziangalia kama simba wa Nairobi National Park.

Kuna wasee wanasema basi tuitoe Tokeni Ringi kwenye silabasi, imekufa. Mimi napinga. Iacheni, lakini mfundishe swali lililo ndani yake: hawa wawili walikuwa tofauti, je, waliunganishwa vipi, na kwa nini njia ya kwanza ilileta shida? Mwanafunzi akielewa hilo, siku akifika Ndithini akute kaboksi, maabara na ruta ya 4G, atajua ashike wapi. Akikariri faida tatu, atafika na begi zuri na kwotesheni.

Na usiniambie ni mambo magumu sana kwa mtu wa kawaida. Wewe unayesoma hii umeona kitu kama hicho kwa simu yako. Kabla ya 2018, ukituma pesa kutoka M-Pesa kwa mtu wa Airtel, haikuingia kwenye waleti yake. Alipata kodi, halafu anatafuta wakala wa M-Pesa atoe. Mwaka wa 2018 hizo waleti zikaunganishwa, na sasa pesa inaingia moja kwa moja. Hakuna mtu aliambiwa atupe laini yake ya Airtel ndipo apokee. Waliweka wa kutafsiri katikati, kila mmoja akabaki na nyumba yake.

Shule tuliisaidia hivi. Mimi na binamu yangu tulinunua ruta ya mitumba Luthuli, elfu mbili mia tano, yenye matundu matano na mahali pa kuchomeka flashi. Tukafuta programu iliyokuja nayo, tukaweka OpenWrt, ambayo ni ya bure na inakuruhusu kufanya kila tundu liwe mtandao wake.

Tundu la kwanza tukapa maabara. Namba za maabara hatukugusa, juu ziliandikwa kwa mkono na hatukutaka kuharibu. Ruta ikapewa 192.168.1.254 upande huo, na kila kompyuta tukaiandikia kwamba ukitaka kitu cha nje, pitia hapo. Mara kumi na moja. Inachosha, haiui.

Tundu la pili likaenda ofisi. Huko ilikuwa rahisi kubadilisha: kifaa kimoja, ruta ya 4G, tukahamisha namba zake kuwa 192.168.20 na vita vya 192.168.1.1 vikaisha siku hiyo. Mwalimu mkuu hakugundua hata kama kuna kitu kimebadilika, na hiyo ndiyo sifa kubwa unaweza kupata kwenye hii kazi.

Kaboksi ndiko kalitusumbua. Hakuna anayejua paswadi ya kukaseti, aliyekuwa nayo alishaondoka. Tukafanya ruta yetu iingie kwenye waifai yake kama mgeni, kama tableti ingine tu. Na hapa, nataka msikilize, hapa ndipo Tokeni Ringi ilifufuka. Ukijaribu kujenga daraja kutoka kwa mgeni wa waifai kwenda kwenye kebo, kwa kawaida halikubali. Waifai inamtambua mgeni mmoja aliyejisajili, anwani moja. Kompyuta kumi na moja zikijificha nyuma yake zikituma kwa majina yao, zinakataliwa mlangoni. Mitandao miwili, sheria tofauti za nani anaruhusiwa kuongea. Ni shida ile ile ya 1985, imevaa nguo mpya. Na jibu ni lile lile: ruta. Tukaiambia ipokee maombi ya maabara, iyatume kwa kaboksi kwa jina lake yenyewe, ikipata jibu irudishe kwa mwenyewe. Kaboksi kanaona mgeni mmoja mwenye kiherehere sana cha kusoma.

Masomo yakafunguka kwenye XP kwa kutumia Firefox 52, la mwisho kukubali hiyo Windows. Video zingine zinakwama, sitadanganya. Maandishi, picha na mazoezi yanafunguka.

Halafu kuna ile folda ya mitihani. XP inagawa mafaili kwa lugha ya zamani inaitwa SMB1, na tangu mwisho wa 2017 Windows 10 mpya zinakuja bila hiyo lugha. Kuna watu watakwambia iwashe tu kwenye laptopu. Usiwashe. Tulinakili folda kwenye flashi, tukaichomeka nyuma ya ruta, walimu wanaifungua kwa lugha mpya na paswadi. Mwalimu wa maabara ananakili upya kila Ijumaa. Si maridadi. Inafanya kazi.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Lakini XP ni hatari bro." Ni kweli kabisa! Microsoft iliacha kuitunza Aprili 2014, na Mei 2017 WannaCry ilizunguka dunia kwa kupitia hiyo hiyo SMB1. Ndiyo maana kwenye faiawoli ya ruta tuliandika kwamba maabara inafika kwenye kaboksi na haifiki kwenye intaneti. Hata kidogo. Na ndiyo maana daraja la yule fundi lilikuwa hatari kuliko uzee wa mashine: yeye ndiye aliyezichomeka kwenye mtandao wenye laini ya nje, bila hata mlango katikati. Anakuja kukuuzia usalama baada ya kubomoa ukuta mwenyewe.

Na sisemi usinunue kitu kipya milele. Kompyuta mbili kati ya zile kumi na moja zina pawa inayonuka moshi, hizo zitaisha hivi karibuni na hakuna ruta itaziokoa. Zikifa, nunua mbili. Mashine iliyokufa inabadilishwa. Mtandao mzima haufi kwa sababu kompyuta mbili zimechoka. Kingine, hizo mashine zinakula stima, na kama shule inalipia tokeni kwa shida, piga hesabu hiyo kwa uaminifu. Nikiona mtu amekuja na hesabu hiyo nitakaa chini nimsikilize. Yule wa begi hakuja nayo.

Kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba kutounganisha kuna faida kwa mtu fulani, kila wakati. Angalieni historia yetu wenyewe. Zamani kidogo, kampuni za intaneti hapa Nairobi hazikuwa zimeungana. Ukituma imeli kutoka kampuni moja kwenda nyingine, majirani, barabara moja, inapanda setilaiti, inatoka nje ya nchi, inarudi kwa setilaiti. Tunalipia safari mbili za angani ili kumsalimia jirani. Novemba 2000 wakafungua KIXP, mahali pamoja ambapo ruta za hizo kampuni zinakutana na kupeana mizigo ya ndani. Muda wa kwenda na kurudi ukashuka kutoka milisekunde 1,200 hadi 2,000 kuja 60 hadi 80. Furaha hiyo ilikaa wiki mbili. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, ililalamika, na CCK ikafunga. Swichi na ruta zilikuwa zinafanya kazi vizuri kabisa. Zilizimwa kwa sababu zilikuwa zinafanya kazi. Ilichukua mpaka Februari 2002 kufunguliwa tena kwa leseni.

Kwa hivyo fundi akikuambia haiwezekani kuunganisha, muulize anauza nini. Muulize akuchoree kwenye karatasi nani anagawa anwani kwenye kila mtandao na njia ya kutoka ni ipi. Akishindwa kuchora, mpe chai, mlipe nauli, arudi kwao.

Kwotesheni ya laki nne bado iko mezani kwa bodi. Kuna wazee wawili wanaipenda juu ina picha za rangi, na kikao ni mwisho wa mwezi. Mimi nitakuwa pale na mchoro wangu wa penseli na ile ruta ya mitumba, na nimeshaambiwa kuna mzazi mmoja ana punda watatu na maswali mengi sana kuhusu hizo pesa.

Wakati huo huo kuna shule zingine mbili upande wa Ekalakala zimeuliza kama tunaweza kuja. Shida ni vifaa. Kama uko Thika, Matuu au Nairobi na una ruta ya zamani umeitupa chini ya kitanda, usiiuze kwa kilo. Ipindue, piga picha ya kile kikaratasi cha nyuma chenye namba ya modeli, nitumie. Ifiche paswadi kwanza tafadhali, watu mnatuma vitu vya ajabu. Ikiwa na hifadhi chini ya megabaiti 8 au memori chini ya 64, kaa nayo, OpenWrt ya sasa haitatosha humo. Zingine zote nazichukua, hata kama antena moja imevunjika. Nauli ya matatu ya kuileta nitalipa mimi.